Shule ya kitaifa tunaipima kwa wastani wa KCSE, au kwa watoto inaowachukua?

mama_likoni
Asalaam aleikum wadau, na hamjambo nyote. Nina swali na litakuwa refu, mnivumilie.

Mwanangu alimaliza gredi ya tisa mwaka jana. Ni wale wa kwanza kabisa wa KJSEA, mtihani mpya wa gredi ya tisa, watoto waliofanyiwa majaribio ya mtaala tangu madarasa ya chini. Ameitwa shule ya C1, hizi tulizozoea kuziita za kitaifa, huko bara, basi la usiku kucha. Shule nyingine aliyoichagua iko hapa hapa kaunti na mwalimu mkuu wake namfahamu. Nikitaka kuomba abadilishiwe nina siku chache tu.

Ukoo mzima unashangilia. Baba yake mdogo ametupa orodha kwenye kundi la familia: shule mia bora, zimepangwa kwa wastani wa KCSE, ule mtihani wa kidato cha nne, shule ya mwanangu ina pointi tisa na ushei. Ya hapa nyumbani haimo. Mjadala ukafungwa hapo hapo, watu wakaanza kutuma maua.

Mimi ndiye sijalala. Hiyo tisa inanieleza nini kuhusu mtoto wangu mimi? Na mchanganyiko je, humo ndani wamo wangapi waliotoka miji ya pembeni, Likoni, Hola au Lodwar? Na wao walitoka na gredi gani? Orodha haisemi.

kasuku_wa_mjini
Mama, usimnyime mtoto bahati kwa kuwaza sana. Wastani wa tisa ni B. Yaani pale mtoto wa kawaida tu anaingia chuo kikuu bila kusukumwa. Huko kwingine C+ inachinjiwa mbuzi. Tisa ni tisa.

mwalimu_mstaafu
Mama Likoni, umeuliza swali ambalo kwa miaka 31 niliyofundisha hesabu niliulizwa na wazazi wawili tu. Nimefundisha shule ya kitaifa na nimefundisha shule ya kutwa yenye paa la mabati yaliyotoboka, kwa hiyo nisikilize kidogo.

Ukinunua mchele wa pishori safi wa Mwea ukapika pilau ikanukia mtaa mzima, jiko lisijisifu sana. Shule za kitaifa zilikuwa zikipewa watoto wenye alama za juu kabisa nchini za KCPE, ule mtihani wa zamani wa darasa la nane, mia nne na kitu kati ya mia tano. Baada ya miaka minne watoto wale wale wanapata A na B, sisi tunaipigia shule makofi. Je, tulitarajia wapate nini?

Kuna watafiti wawili, Adrienne Lucas na Isaac Mbiti, waliolichunguza jambo hili hapa Kenya na kulichapisha mwaka 2014. Walichofanya ni chepesi kukieleza. Nafasi za shule za kitaifa zilikuwa zikigawanywa kwa mgao: kila wilaya fungu lake, na shule za umma na za binafsi nazo mafungu yao. Kila fungu lilikuwa na mstari wake wa kukatia. Basi chukua watoto wawili wa wilaya moja, mmoja amepita kwa alama moja akaenda shule kubwa, mwenziwe amekosa kwa alama moja akaenda shule ya mkoa. Uwezo wao ni mmoja, wametenganishwa na swali moja la sayansi. Miaka minne baadaye tazama KCSE zao.

Hawakuona tofauti ya maana. Yule wa shule kubwa alikaa na wenzake wakali zaidi, lakini gredi yake haikupanda kwa ajili hiyo. Jina la shule, walisema, linatokana zaidi na watoto inaowachagua kuliko inachowaongezea.

Nisikuuzie zaidi ya kilichomo. Walipima gredi za KCSE. Hawakupima marafiki, wala kujiamini, wala kazi aliyopata mtu akiwa na miaka thelathini. Na wale watoto wawili wa mfano ni wa mlangoni kabisa. Hatuwezi kusema hayo hayo kwa yule aliyeongoza taifa.

kasuku_wa_mjini
Sasa Mwalimu, kama hakuna tofauti, mbona mawaziri hawapeleki watoto wao shule za kutwa?

mwalimu_mstaafu
Kwa sababu mawaziri wengi hawapeleki watoto wao kwenye mfumo huu hata kidogo. Lakini hoja yako ni halali: wanaotafuta jina hawatafuti gredi peke yake.

Na hiyo gredi yenyewe isitupumbaze. Mwaka 2015 waliopata A nchini walikuwa zaidi ya 2,600. Mwaka 2016 waziri wa elimu, Matiang'i, akakaza mtihani: makontena, walinzi, walimu wakuu wakibeba karatasi wenyewe. A zikawa 141. Waliopata C+ kwenda juu, kiwango cha kuingia chuo kikuu, wakashuka wakabaki 88,929, kama nusu ya mwaka uliotangulia. Walimu walikuwa wale wale na madarasa yale yale. Niambie sasa wastani wa 2015 ulikuwa unapima nini.

baba_wa_428
Nimesoma hadi hapo nikashindwa kunyamaza. Mnazungumza mgao kama vile ni sadaka. Ngoja niwape upande wa pili.

Binti yangu alipata 428. Tulimsomesha akademia, yaani shule ya binafsi, ya mtaani, si zile za mabwawa ya kuogelea. Chumba kimoja kilikuwa na watoto ishirini na tano, mimi nilikuwa dereva wa matatu na mama yake anauza mitumba. Tulimtoa shule ya umma kwa sababu darasani walikuwa tisini na mwalimu mmoja. Januari 2011 waziri wa elimu, Profesa Ongeri, akatangaza kwamba nafasi za shule za kitaifa zitagawanywa kulingana na idadi ya watahiniwa wa umma na wa binafsi. Binti akakosa. Jirani yetu wa shule ya umma, mwenye 389, akaitwa. Nampenda yule kijana, ni mtoto mzuri. Lakini nilipata kazi kumweleza binti wa miaka kumi na nne kosa lake ni lipi.

Wazazi walikwenda Mahakama Kuu mwaka ule ule wakashindwa. Sikuwa mmoja wao, sikuwa na nauli ya wakili. Mkinitajia "mchanganyiko", mimi huona uso wa mtoto wangu.

mama_likoni
Baba wa 428, pole sana. Sikuwa nimewahi kulisikia likisemwa na mtu wa matatu. Kwenye runinga walisema ni watoto wa matajiri.

baba_wa_428
Matajiri walipata njia, mama. Mwaka uliofuata niliwaona kwa macho yangu: mtoto anasoma akademia mpaka mwisho, kisha anasajiliwa mtihani kwenye shule ya umma ambayo hata choo chake hakijui. Kwenye karatasi, mtoto wa umma. Sisi wa chumba kimoja ndio tuliokuwa wakweli, ikatugharimu.

mgao_2006
Mimi ni kama huyo mwenye 389, ila alama zangu hazikufika hata hapo. Nilikuwa na 338. Natoka Garsen.

Niliingia shule ya kitaifa (sitaitaja) Februari 2006 na sanduku la bati la ami yangu. Usiku wa kwanza kila mono, yaani mgeni wa kidato cha kwanza, anasimama juu ya kitanda bwenini anataja jina, anakotoka na alama zake. Aliyelala kitanda cha juu yangu alikuwa wa Nairobi, 431. Niliposema 338 kuna mtu akauliza, "Kati ya ngapi?" Bweni zima likaangua kicheko. Nikabatizwa jina Mgao. Nililibeba mpaka kidato cha tatu.

Mtihani wa kwanza nilikuwa wa 171 kati ya 184. Sikuwa mjinga, nataka hili lieleweke. Wenzangu walikuwa wameshika vifaa vya maabara mkononi tangu darasa la sita. Mimi siku ile ndiyo mara ya kwanza kuona moto unaotoka kwenye bomba. Kiingereza nilikisoma vizuri, ila sikuwahi kukisikia kikisemwa haraka vile. Mwalimu wa kemia alikuwa akimaliza ubao, anaufuta, mimi bado niko mstari wa pili. Hakuna aliyekuja kuniuliza. Shule ilikuwa na hesabu zake: wale thelathini wa juu ndio watakaotoka gazetini. Hao walikuwa na masomo ya jioni na mwalimu wao.

Aliyeniokoa ni yule wa 431. Si kwa huruma, alikuwa mvivu wa Kiswahili cha kuandika na insha zake zilikuwa balaa. Tukabadilishana: mimi namwandikia mifano ya methali na kumsahihisha ngeli, yeye ananirudishia kemia baada ya taa kuzimwa, kwa kurunzi. Kidato cha nne nikapata B. Yeye A. Sasa chukua wastani wa shule mwaka ule: mimi ni mmoja wa waliouvuta chini. Mwalimu mkuu alitusomea matokeo akasema wazi kwamba "baadhi yenu mmetuangusha". Nilikuwa nimetoka nafasi ya 171 hadi ya 88, nikaambiwa nimeangusha.

Halafu kuna jambo jingine, sijui mtalipimaje. Januari 2008 shule zilichelewa kufunguliwa, mnakumbuka zile ghasia za baada ya uchaguzi. Tuliporudi, kwenye kyubu yetu, kile chumba kidogo cha bwenini, vitanda viwili vilibaki wazi. Kati ya tuliorudi alikuwepo Mkikuyu wa Eldoret ambaye nyumba yao ilichomwa, na Mkalenjin wa Burnt Forest ambaye alipoteza mjomba. Vitanda vyao vilitazamana. Hakuna mwalimu aliyetuandaa wala aliyetuambia tuseme nini. Siku tatu hawakusemezana. Ya nne yule wa Eldoret akatoa ubao wa drafti wa vizibo vya soda, akauweka sakafuni katikati, akakaa. Mwenzake akashuka. Walicheza mpaka kengele, kimya, sisi tukiangalia kama fainali.

Leo mmoja wao ndiye aliyesimamia harusi ya mwenzake. Sisemi shule ilifanya hilo. Shule iliwalaza chumba kimoja tu.

kasuku_wa_mjini
Mgao, nimeacha utani wangu wote hapo. Heshima, ndugu.

bi_karani
Nilifanya kazi ya ukarani shule ya aina hii kwa miaka tisa, niwaeleze kitu ambacho hakimo kwenye wastani wala kwenye takwimu za wizara.

Orodha ya walioitwa na orodha ya walioripoti ni karatasi mbili tofauti. Ile ya kwanza ni nzuri mno, kila kaunti imo, ukiisoma utaimba wimbo wa taifa. Kisha wiki ya kuripoti inafika. Karo rasmi ya bweni ni shilingi 53,554 kwa mwaka. Hiyo ni karo tu. Ongeza sare za duka moja lililoandikwa kwenye barua, godoro, blanketi la rangi yao, nauli, pesa ya "maendeleo". Mtoto wa Tana River anayeishi na nyanya yake haji. Tunasubiri wiki mbili. Haji. Nafasi yake haikai wazi. Foleni ya wazazi iko nje ya ofisi tangu saa kumi na mbili asubuhi, na si wazazi wa Tana River.

Kwa hiyo ukitaka kujua shule imechanganyika kiasi gani, usiulize walioitwa. Uliza walioko darasani muhula wa pili. Na ukiweza, uliza waliobaki mpaka kidato cha nne. Nilikuwa naandika barua za uhamisho. Asilimia kubwa hawakuhama kwa sababu ya nidhamu, nawaambia.

Ufadhili upo, Wings to Fly ya benki ya Equity na mingine, na umewaokoa wengi niliowapokea kwa mikono yangu. Ila anayejua kuomba ni yule ambaye mwalimu wake alimwambia mapema.

mwalimu_mstaafu
Bi Karani amenipokonya maneno. Ninaloweza kuongeza: kuna shule iliyojaribu kuanzia upande huo wa pili. Starehe, iliyoanzishwa 1959 na Geoffrey Griffin akiwa na Geturo na Gikubu, ilianza na vijana waliokuwa hawana pa kulala. Ilikuwa ikichukua watoto wa maskini kwa makusudi, wengi wao wakisoma bure, na kuna miaka iliongoza taifa zima. Anayesema ukiwaingiza maskini wastani utaanguka, na aende Starehe kwanza.

baba_wa_428
Mwalimu, kwa heshima zote, Starehe nao walichuja. Walichukua maskini mwenye akili sana. Ni pishori ile ile, imenunuliwa kwa gunia lililochakaa.

mwalimu_mstaafu
Hapo umenishika, na nakubali. Ila kumbuka walilipa hilo gunia wenyewe.

nesi_bronx
Nawasoma nikiwa zamu ya usiku New York. Huku wanagombana neno kwa neno kama nyinyi.

Kuna shule ya umma inaitwa Stuyvesant. Bure kabisa, na mlango wake ni mtihani mmoja tu. Hawaangalii ripoti, hawaangalii barua. Sheria ya jimbo ya mwaka 1971 ndiyo iliyoweka hivyo. Mwaka 2019 ilitoa nafasi 895. Watoto weusi walikuwa saba. Si asilimia saba. Vichwa saba, katika mji uliojaa watu weusi.

Meya de Blasio alitaka mtihani uondolewe, alilitangaza 2018, akashindwa. Na waliompinga kwa sauti kubwa hawakuwa matajiri. Walikuwa wazazi wenye asili ya Asia, wengi ni wapishi na washonaji wanaojinyima ili walipie tuisheni ya Jumamosi. Baba wa 428, ungewaelewa mara moja. Mimi mwenyewe sijui niko upande gani, na binti yangu aliufanya mtihani huo.

Hakupita. Nililia kwenye treni mbele za watu. Kisha Mkenya mwenzangu kazini akaniambia kwamba hesabu kama ile ya Mwalimu ya waliopishana mlangoni ilifanywa Boston na New York vilevile, na jibu likaja kama la kwetu. Sikupoa papo hapo, ila usiku ule nililala.

mzee_wa_kumbukumbu
Vijana, tusisahau majina haya yalitoka wapi. Nairobi School ilikuwa Prince of Wales, Lenana ilikuwa Duke of York. Zilijengwa kwa watoto wa walowezi. Mwafrika aliingia kama mpishi. Sifa ya shule ilikuwa ni nani amezuiwa getini, na wakati ule hakuna aliyeuliza wastani. Uhuru ulipokuja tukafungua geti, ila tukabaki na ile tabia ya kuhesabu waliobaki nje kama ndiyo ubora. Hata hizi 18 za zamani zilivyoongezwa kuanzia 2011 hadi zikapita mia, Shimo la Tewa ikaingia, Bura Girls ikaingia, nilisikia watu wazima wakilalamika: "Zimekuwa nyingi mno, si za kitaifa tena." Yaani kosa lao lilikuwa kuingiza watu.

kasuku_wa_mjini
Lakini mzee, kweli kuna zilizobandikwa kibao cha kitaifa bila maabara. Hilo si kiburi cha mtu.

mzee_wa_kumbukumbu
Hilo nalikubali.

dada_wa_takwimu
Swali kwa Mgao na Bi Karani. Tukihesabu kaunti 47 darasani tunasema imechanganyika. Ila mtoto wa mkurugenzi aliyezaliwa Kilimani, kitambulisho cha babake kinasema Mandera, anahesabiwa wapi?

bi_karani
Mandera. Na alihesabiwa mara nyingi.

mgao_2006
Kwetu walikuwepo wawili. Mmoja alikuwa "wa Tana River" kama mimi. Hakuwahi kufika Garsen. Aliniuliza kama kuna barabara.

mwalimu_mstaafu
Mama Likoni, usiondoke na hadithi tupu. Wizara ilipiga marufuku kupanga shule mwaka 2014 na orodha bado zinazunguka kama unavyoona, kwa sababu hakuna kitu kingine mzazi anachopewa. Lakini kila shule ina rekodi mbili kabatini: alama alizoingia nazo mtoto na gredi aliyotokea nayo. Kuziweka kando kwa kando ni kazi ya alasiri moja. Waombe wakuonyeshe robo ya chini ya walioingia, wametokea wapi. Usikubali kuonyeshwa picha ya aliyepata A, huyo angeipata hata chini ya mwembe.

Kwa mwanao itakuwa ngumu kidogo. Amepangwa kwa hesabu mpya: KJSEA asilimia 60, tathmini za shuleni 20, na ile ya gredi ya sita 20. Bado hakuna mtoto aliyemaliza njia hiyo, kwa hiyo wastani wowote utakaoonyeshwa ni wa watoto wa mfumo mwingine. Uliza pia fizikia ina walimu wangapi, maana mkondo wa masomo ya sayansi kila shule imeuandika kwenye ukuta.

mama_likoni
Wadau, nimerudi. Nimefanya mlivyosema, nilipiga simu kwote kuwili.

Shule ya kaunti, mwalimu mkuu alinikaribisha ofisini. Akafungua daftari, la karatasi, akahesabu kwa kidole. Katika darasa moja lililopita, walioingia na chini ya 250 za KCPE walikuwa kumi na tisa. Saba walipata C+ au zaidi. Hakupamba. Aliniambia kumi na mbili hawakupata, na watatu kati yao anajua aliwakatia tamaa mapema. Kisha akasema mwalimu wa fizikia ni mmoja, na amejaza fomu za uhamisho.

Shule ya bara, nilimpata naibu. Nikamuuliza: watoto wa Pwani waliotoka shule za umma ni wangapi muhula wa pili, na waliokuja mwisho kabisa walitoka na nini? Kukawa kimya. Akasema, "Mama, hilo hatujawahi kuulizwa." Nikangoja. Akaniambia wastani wao ni tisa nukta. Nikamwambia hiyo ninayo, baba mdogo alinitumia. Akacheka, akasema nikija kumripotisha mtoto nipite ofisini kwake, atalitafuta.

Mwanangu alikuwa amekaa pembeni akisikiliza yote. Nikamsomea ya Mgao, yote, hata ile ya kucheka bwenini. Nilidhani ataogopa. Akauliza drafti inachezwaje, kwa sababu yeye anajua bao tu.

Anataka kwenda. Anataka hiyo fizikia.

Tumekata tiketi za Jumapili usiku, mbili, kwa sababu mimi naenda naye mpaka kwa huyo naibu na daftari langu. Nitakuja kuwaambia alichonionyesha, au alichoshindwa kunionyesha. Na kama kuna mzazi ana sanduku la bati lililotumika, hata bila kufuli, aniambie. Dukani wanataka bei ya kitanda.

mgao_2006
La ami yangu bado liko Garsen, mama. Bawaba moja imekatika. Namwambia kaka aliweke kwenye basi la kesho asubuhi.